Lugha ya Kazi na Lugha ya Nyumbani

Je, mgeni aliyehamia nchi ya watu alazimishwe kusema Kiingereza awapo kazini? Swali hili laulizwa sana huko Marekani, na tangu Machi 2025, Rais wa nchi hiyo alipokitangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi, limezidi kuulizwa. Nalo latugusa, kwani miongoni mwa wakimbizi waliopokewa huko wamo maelfu ya watu wa Kongo wasemao Kiswahili, na wamo ndugu zetu Wasomali.

Yatupasa kwanza kutenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kumtaka mfanyakazi aijue lugha ambayo kazi yake haiendi bila ya hiyo. La pili ni kumkataza asiseme lugha ya mama yake. La kwanza mara nyingi ni haki. La pili mara nyingi ni dhuluma.

Tazameni kazi ya urubani. Mwaka 1977 ndege mbili kubwa ziligongana katika kiwanja cha Tenerife, wakafa watu 583. Na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni maneno ya redio ambayo hayakueleweka vema. Tangu mwaka 2008 marubani wa safari za kimataifa na wanaowaongoza kutoka ardhini wametakiwa wathibitishe kuwa waijua lugha ya redio. Hapana mwenye akili atakayeliita sharti hilo uonevu, maana roho za watu zimo ndani yake.

Lakini mwanamke afungaye nyama kiwandani, akimwuliza mwenziwe kwa Kiswahili habari za mtoto mgonjwa, amemdhuru nani? Sheria ya Marekani ya mwaka 1964 ilikataza kumbagua mfanyakazi kwa asili ya taifa lake. Mwaka 1980 tume ya serikali inayoisimamia ikatoa mwongozo kwamba amri ya kusema Kiingereza tu kwa saa zote za kazi ihesabiwe kuwa ni ubaguzi, na kwamba kwa nyakati maalumu mwajiri aweza kuitoa akithibitisha haja ya kazi.

Mahakama hazikuufuata mwongozo huo daima. Katika kiwanda kimoja cha nyama huko South San Francisco, wafanyakazi 24 kati ya 33 walikuwa wasemaji wa Kihispania. Yalitokea malalamiko kwamba wawili wao waliwatukana wenzao, mwajiri akaamuru Kiingereza tu wakati wa kazi, isipokuwa saa za mapumziko. Mwaka 1993 mahakama ya rufani ilimpa haki mwajiri juu ya wale waliojua lugha zote mbili. Sisi hatumkatazi mwajiri kuzuia matusi.  Basi lililostahili kupigwa marufuku ni tusi, si lugha.

Ama sisi Waislamu, twajua kuwa katika Sura ya Ar-Rum kutofautiana kwa lugha kumetajwa kuwa katika Ishara za Mwenyezi Mungu. Haifai basi kuidharau lugha ya mtu. Na twajua pia kuwa Mtume (s.a.w.) alimwamuru Zaid bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi ili amsomee barua zao na kumwandikia. Kujifunza lugha ya wengine kwa haja ya kazi si kuitupa asili.

Kwa hiyo mwajiri na aandike maonyo ya mashine kwa lugha wanayoifahamu wafanyakazi wake, na awape nafasi ya kujifunza. Na mgeni naye asibweteke. Asiyejua lugha ya nchi hutia sahihi karatasi asiyoielewa, hupunjwa mshahara asijue pa kulalamika, na humtegemea mtoto wake amsemee kwa daktari.

Nanyi vijana mlio ugenini, wazee walisema ukifika kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Lakini ndio hao hao waliosema mkataa kwao mtumwa. Jifunzeni Kiingereza cha kazi kwa bidii, na mrudipo nyumbani wasemesheni wazazi wenu kwa lugha waliyowalelea.