Chembe nyeupe si askari tu, ni wazoataka pia

Tunapoeleza kinga ya mwili kwa Kiswahili, aghalabu tunakimbilia sitiari moja: chembe nyeupe za damu ni askari. Sitiari hii imezoeleka shuleni na redioni. Nionavyo, inaficha nusu ya kazi, na pale Dandora nusu hiyo ndiyo ingeeleweka upesi zaidi.

Hebu tutazame protini iitwayo ELMO1. Jina hilo ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yanayotaja vitendo viwili vya seli: kumeza na kutembea. Ilielezwa mwaka 2001, watafiti wakianzia kwa mnyoo mdogo sana wa udongoni, C. elegans. Jeni inayolingana nayo ikiharibika, maiti za seli hubaki mwilini mwa mnyoo bila kuondolewa, na seli nyingine hupotea njia.

Kwa binadamu, ELMO1 hushikana na protini DOCK180, kisha kwa pamoja huiwasha protini ya tatu, Rac, ambayo ni kama swichi. Rac ikiwaka, nyuzi zilizo chini ya utando wa seli hujipanga upya na kuusukuma utando. Ukisukumwa upande mmoja, seli inatembea. Ukisukumwa kukizunguka kitu, seli inakimeza. Mtambo ni ule ule.

Kinachomezwa si adui kila mara. Mara nyingi ni seli za mwili wenyewe zilizokufa, ambazo zikiachwa zitapasuka na kuleta uvimbe. Sasa askari gani huyo? Huyo ni mzoataka! Mkazi wa Dandora, ambako jaa la jiji limekuwepo tangu miaka ya 1970, hahitaji kufafanuliwa madhara ya taka zinazoachwa, wala kwamba mzoaji hutembea kwanza ndipo aokote.

Suala la pili ni kitenzi. Wapo wanaosema seli "inakula" kijidudu, na wana hoja, kwa maana neno fagosaiti limetokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kula. Lakini kwetu sisi, ukisema chakula kimeliwa, basi kimekwisha. Kumeza ni kupitisha kooni tu. Kitakachotokea tumboni ni habari nyingine.

Tofauti hiyo si ya wanaisimu pekee. Kijidudu cha kifua kikuu humezwa na seli za mapafuni ziitwazo makrofeji, lakini kinaweza kukwepa kuyeyushwa, kikaishi humo humo ndani, hata kwa miaka. Mgonjwa akiambiwa ati askari wake wanakula vijidudu, kikohozi kikikoma mwezi wa pili ataona hana haja tena ya dawa. Akielezwa kuwa vingine vimemezwa vikiwa hai, ataelewa kwa nini tiba ya kawaida huchukua miezi 6.

Napendekeza basi tuziite "seli mezaji", kitendo chenyewe kiwe "umezaji", na "kuyeyusha" kibaki kitenzi cha hatua inayofuata. Askari abaki darasani akitaka, mradi amwachie mzoataka nafasi. Muuguzi wa zahanati ya mtaani atakuwa na maneno mawili tofauti kwa mambo mawili tofauti, na mgonjwa atajua ni lipi bado halijatimia.