Fahamu: Zepelini iliyokusudiwa kutua Umakonde

Ughaibuni, mashabiki hukarabati ndege za kivita za zamani. Umakonde, mkoani Mtwara, kuna chombo cha angani cha Vita Kuu ya Kwanza kilichosubiriwa lakini hakikufika kabisa.

Kilikuwa chombo gani?
Zepelini (puto kubwa la gesi lenye injini) ya Kijerumani L 59, yenye urefu wa mita 226. Iliondoka Jamboli, Bulgaria, 21 Novemba 1917, ikiwapelekea risasi na dawa askari wa Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika Afrika Mashariki.

Kwa nini haikufika?
Ikiwa Sudan iliamriwa kwa redio igeuze. Ilitua Jamboli 25 Novemba, baada ya saa 95 angani. Siku hiyohiyo Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma na kuingia Msumbiji.

Ingefika, ingehifadhiwa?
Hapana. Ilipangwa ichanwechanwe: turubai liwe mahema, kitambaa cha ndani bandeji, injini zizalishe umeme.

Mbona ndege za enzi hizo ni adimu?
Nyingi zilikuwa za mbao na kitambaa, chakula cha mchwa na unyevu wa pwani. Anayezikarabati hubadilisha kitambaa chote, kisha hukipaka dawa ya kukikaza.

Chuma hudumu zaidi. Meli ya kivita ya Kijerumani Königsberg iliangamizwa kwenye delta ya Rufiji mwaka 1915, ndege kutoka kisiwa cha Mafia zikielekeza mizinga ya Waingereza. Mzinga wake mmoja uko Fort Jesus, Mombasa.