Je, Wajua? Jina Moja, Kadi Mbili

Je, wajua kwamba kadi mbili za michoro za kompyuta, zilizotolewa na kampuni moja, katika mwaka mmoja, na kwa jina lile lile, zaweza kuhitilafiana katika dhati yake? Nvidia ya Marekani ilipoitoa GeForce GTX 1060 mnamo Julai 2016, kwa bei iliyoanzia dola 249, kadi hiyo ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 6 na viini 1,280 vya kukokotolea. Mwezi uliofuata ikatoka nduguye ya gigabaiti 3, kwa dola 199, na mnunuzi aliyelisoma sanduku akadhani, wala si insafu kumlaumu, kuwa tofauti ni kumbukumbu peke yake, kumbe viini navyo vimepunguzwa 128, yaani sehemu moja katika kumi.

Katika michezo myepesi tofauti hiyo haisumbui. Walakini picha za mchezo zikizidi gigabaiti 3, kadi ndogo hulazimika kuziazima kutoka kumbukumbu ya kompyuta yenyewe, kwa njia ipitishayo takriban gigabaiti 16 kwa sekunde, ilhali kumbukumbu ya kadi hupitisha 192. Hapo mchezo hukwamakwama, na wastani wa picha kwa sekunde, kipimo kipendwacho mno na wauzaji, aghalabu huificha aibu hiyo.

Ewe unayetaka kununua kadi hii iliyokwisha kutumika, ifungue kwanza programu ya GPU-Z uhesabu viini: 1,280 au 1,152.