Ovari zenye vifuko vingi: Matibabu ya kutafuta mtoto huanza na vidonge

Kutoka sekta ya Muganza, wilayani Rusizi, hadi Kigali ni safari ndefu ya basi inayokatiza msitu wa Nyungwe. Mwanamke wa bonde hilo la mpunga aliyekaa katika ndoa miaka kadhaa bila mtoto huenda akaamini kuwa tumaini lake pekee ni upandikizaji wa mimba, matibabu ambayo gharama yake yaweza kumeza shamba zima. Ikiwa kikwazo chake ni ovari zenye vifuko vingi, huenda anachohitaji kwanza ni vidonge vya siku tano.

Hali hiyo humpata takriban mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema hadi asilimia 70 yao hawajui kwamba wanayo. Jina lenyewe linapotosha, kwani vifuko hivyo si uvimbe, bali ni vijumba vya mayai yaliyokwama kabla ya kukomaa kutokana na kuvurugika kwa homoni. Yai lisipopevuka, hedhi hukawia kwa miezi, na mara nyingi nywele huota kidevuni. Mwanamke huyo si tasa, ingawa majirani huwahi kumwita hivyo.

Ugunduzi hauhitaji mitambo mikubwa. Mwenye hedhi isiyotabirika pamoja na dalili za wazi za wingi wa homoni za kiume aweza kutambuliwa bila picha ya ovari, mradi daktari ahakikishe kuwa magonjwa mengine, kama ya tezi ya shingo, hayahusiki.

Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Monash cha Australia, unaitanguliza letrozoli, dawa iliyobuniwa kwa ajili ya saratani ya matiti. Humezwa siku tano mwanzoni mwa hedhi ili kuamsha yai. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 na kuhusisha wanawake 750, waliojifungua walikuwa asilimia 27.5 kwa letrozoli na 19.1 kwa klomifeni, dawa ya zamani zaidi. Metfomini, inayojulikana na wagonjwa wa kisukari, husaidia pia, lakini kwa kiasi kidogo. Dawa hizi si za kujinunulia kiholela: letrozoli haipaswi kumezwa na aliye tayari mjamzito.

Vidonge vikishindwa, hufuata sindano za homoni, zenye hatari ya mapacha, au upasuaji mdogo wa ovari. Upandikizaji huja mwisho. Agosti 2025 Bunge la Rwanda lilipitisha sheria ya huduma za afya inayosimamia pia uzazi wa kusaidiwa kitaalamu.

Kabla ya yote hayo, mume naye apimwe mbegu. Kipimo hicho ni rahisi, lakini ndicho kinachoahirishwa zaidi.