Biskuti Zisizoingia Oveni

Nyumba nyingi za Dodoma hazina oveni. Kuna jiko la mkaa, kuna mtungi wa gesi wenye plati moja au mbili, na kuna sufuria. Jiko la namna hiyo linatosha kabisa kwa biskuti za oti, kakao na siagi ya karanga, zile zinazopikwa kwenye sufuria kisha zikaachwa zigande zenyewe. Watu huziita biskuti zisizookwa, na jina hilo linapotosha kidogo, kwa sababu viungo vyake karibu vyote vilishapita motoni kabla havijafika kwako. Karanga zimekaangwa. Kakao, ambayo hapa nchini hutoka zaidi Kyela, ilivundikwa siku kadhaa, ikaanikwa juani, ikakaangwa kisha ikasagwa. Oti nazo zilipigwa mvuke kiwandani ndipo zikabanwa kuwa bapa. Mpishi amebakiziwa kazi moja tu ya moto, nayo ni kuchemsha sukari.

Vipimo vyenyewe havina siri. Sukari vikombe viwili, maziwa nusu kikombe, siagi ya ng'ombe nusu kikombe, unga wa kakao robo kikombe na chumvi kidogo. Vikishachemka, unaepua, unatia siagi ya karanga nusu kikombe na oti vikombe vitatu, unakoroga haraka, kisha unachota kwa kijiko na kudondosha kwenye sinia lililopakwa mafuta. Maelekezo mengi husema uchemshe dakika moja. Hiyo dakika moja ndiyo inayowaponza wengi. Moto wa mkaa uliokolea si sawa na plati ya gesi iliyopunguzwa, na majarini mengi yana maji mengi kuliko siagi, hivyo huhitaji muda zaidi. Saa haijui kilichomo ndani ya sufuria.

Kilichomo ni shira inayopoteza maji. Kadiri maji yanavyotoka kwa mvuke, sukari inazidi kukolea, na kadiri inavyokolea ndivyo shira inavyohitaji joto kubwa zaidi ili iendelee kuchemka. Ndiyo maana watengeneza peremende hutumia kipimajoto: wakisoma nyuzijoto, wanajua maji yaliyobaki ni kiasi gani. Kule pwani, shira ikifika nyuzijoto 112 hivi, sukari ni kama gramu 85 katika kila gramu 100. Sasa piga hesabu. Gramu 15 za maji, zikiwa na joto la kawaida la chumbani, zinaweza kuyeyusha sukari gramu 30 tu. Gramu 55 zilizosalia hazina pa kukaa. Shira ikipoa, sukari hiyo lazima ijitenge, na inapojitenga inakuwa fuwele. Mtandao wa fuwele hizo ndio unaoshika oti na kuifanya biskuti isimame bila kuokwa.

Kwa hiyo anayetaka kupunguza sukari hadi nusu kwa ajili ya afya, nia yake ni njema lakini ataishia na uji mzito wa kakao. Humu sukari ndiyo nguzo, si utamu tu. Afadhali kutengeneza biskuti ndogo na kula moja.

Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyo juu yetu ni kidogo kuliko ile ya Dar es Salaam, kanieneo yake ni ndogo, na maji hapa huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi badala ya 100. Shira nayo inashuka vivyo hivyo. Ukolevu ule ambao pwani unaonekana kwenye 112, hapa unaonekana kwenye 108. Mtu akifuata kitabu kilichoandikwa London na kungoja 112, atakuwa ameshavukiza maji mengi mno, na biskuti zitakatika chengachenga mkononi. Asiye na kipimajoto anaweza kutumia njia ya zamani ya kikombe cha maji baridi. Dondosha humo tone moja la shira, subiri kidogo, kisha uliguse kwa kidole. Likitawanyika na kuyatia maji rangi, bado. Likikusanyika kuwa kidonge laini kinachobonyea na kulegea ukikitoa majini, epua papo hapo. Likiwa gumu, umechelewa. Ongeza vijiko viwili vya maziwa uchemshe tena. Kipimo hiki hakijali mwinuko, maana kinapima ukolevu wenyewe. Wapishi wa kashata wanakifahamu, na kashata za karanga ni ndugu wa damu wa biskuti hizi.

Mafuta na protini za maziwa zina kazi yake pia. Zinazuia fuwele zisikue, hivyo ulimi unakutana na ulaini badala ya mchanga. Kukoroga sana wakati shira bado inachemka huharibu mpango huo, hasa chembe za sukari zilizoganda ukingoni mwa sufuria zikirudishwa ndani, kwa sababu kila chembe inakuwa mbegu ya fuwele kubwa.

Karanga ni habari ndefu zaidi, na mkoa huu una historia nazo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Kongwa mradi mkubwa wa karanga ili ipate mafuta ya kula baada ya vita. Mvua zilikuwa za kubahatisha, udongo ukikauka unakaza na kumaliza vyuma vya mashine, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umeachwa baada ya kula pauni milioni 36 hivi. Wakulima wadogo wa uwanda huu wanaendelea kuvuna karanga kwa jembe la mkono, lakini ukame ule ule bado una hila. Wiki za mwisho kabla ya kuvuna zikiwa za joto na zisizo na mvua, mmea unadhoofika, na kuvu wa Aspergillus flavus, ambaye yumo udongoni siku zote, anaingia kwenye punje na kutengeneza sumukuvu.

Jambo hili si la kulipita haraka. Mwaka 2016 sumukuvu, iliyohusishwa zaidi na mahindi, iliugusa mkoa wa Dodoma pamoja na jirani yake Manyara: wagonjwa 68 walirekodiwa, na 20 kati yao walifariki. Kukaanga hupunguza sumu hiyo kwa kiasi lakini hakuimalizi, na kuchemsha shira ndiyo kabisa hakusaidii. Tena sumu haienei sawasawa. Katika debe la karanga, punje chache tu zinaweza kubeba karibu sumu yote, na zikishasagwa hakuna jicho la kuziona. Siagi ya karanga inaficha makosa ya mchambuaji. Kwa hiyo mimi ningenunua karanga nzima sokoni Majengo, nizimwage kwenye ungo, nitoe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zenye ukungu, ndipo nikaange na kusaga. Hizo mbovu zisipewe hata kuku.

Siagi ya karanga ya nyumbani ina tabia ya kuelea mafuta, kwa kuwa karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, nayo hubaki majimaji hata chumbani. Ikoroge vizuri kabla ya kupima. Mwezi wa Oktoba na Novemba, joto la mchana likipita nyuzijoto 30, siagi ya ng'ombe nayo inakaribia kuyeyuka, na hapo ni fuwele za sukari pekee zinazoshikilia umbo.

Oti ni nafaka ya nchi za baridi, inatoka dukani na bei yake si ya mchezo. Wengi huuliza kama uwele, nafaka ya nyumbani kwa Wagogo, unaweza kushika nafasi yake. Unaweza, ila si kwa unga mbichi. Uwele una mafuta mengi kuliko nafaka nyingi, pamoja na vimeng'enya vinavyoyashambulia mara tu punje inaposagwa, ndiyo maana unga wake huwa mchungu baada ya siku chache. Oti zina tatizo hilo hilo, nao ule mvuke wa kiwandani ndio unaoua vimeng'enya hivyo. Kaanga uwele mzima mpaka unukie, uupoze, kisha uuparaze bila kuufanya unga laini. Bisi za mtama nazo zinafaa, ila zichanganywe dakika ya mwisho kabisa, maana zikikaa kwenye shira ya moto zinanywa maji na kunywea.

Kiangazi, hewa kavu ya hapa inazikausha biskuti upesi hata bila friji. Dar es Salaam mambo ni kinyume: sukari huvuta unyevu wa hewani na biskuti zinaanza kunata. Ukiwapelekea wajomba kwa treni ya SGR, zifunge kwenye kopo la kubana, si kwenye mfuko wa kaki.