Zebaki katika Krimu za Kujichubua

Ndizi mbichi ikimenywa na kuachwa hewani hugeuka nyeusi. Wapishi hulijua jambo hilo, na wengine huitumbukiza katika maji yenye ndimu. Weusi huo huletwa na kimeng'enya chenye shaba ndani yake, ambacho huunganisha kemikali za ndizi na oksijeni. Asidi ya ndimu hukidhoofisha. Katika ngozi ya binadamu kimo kimeng'enya cha jamii hiyo hiyo, kiitwacho tirosinesi, nacho ndicho kianzishacho utengenezaji wa melanini, yaani rangi ya ngozi.

Melanini hutengenezwa na seli maalumu zilizo kwenye kitako cha tabaka la juu la ngozi. Idadi ya seli hizo hukaribiana sana kwa mtu mweusi na mtu mweupe; kinachotofautiana ni wingi na aina ya melanini yenyewe. Kila seli huigawa melanini kwa seli jirani, na humo hukaa juu ya kiini mfano wa mwavuli, ikizuia mionzi ya jua isiharibu chembe za urithi. Watu wenye ualbino, ambao melanini yao ni haba, hupatwa na saratani ya ngozi kwa urahisi zaidi. Anayejichubua, basi, huukunja mwavuli wake mwenyewe, ingawa si haki kumlaumu yeye peke yake na kuwasahau wanaomcheka kwa weusi wake.

Mkorogo unaouzwa mitaani huwa na haidrokwinoni, steroidi kali, au chumvi za zebaki. Zote zina madhara, lakini zebaki ndiyo yenye hila kuliko zote. Huingia katika kimeng'enya na kukalia nafasi ya shaba, kazi ikasimama. Kwa kuwa seli za ngozi huchukua takriban mwezi mmoja kupanda hadi juu na kubanduka, weupe huonekana polepole, na mtumiaji huridhika.

Wakati huo zebaki haikubaki usoni. Hupenya ngozi, hasa kupitia vitundu vya vinyweleo, ikachukuliwa na damu hadi kwenye figo. Huko vichujio vya figo huharibika, na protini ambayo ingebaki katika damu huvuja kwenye mkojo. Protini ikipungua katika damu, maji hutoka mishipani na kujaa katika tishu: uso huvimba asubuhi, miguu jioni.

Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walitoa taarifa ya uchunguzi wa watu wazima 60 wenye ugonjwa huo wa figo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu zenye zebaki, na baadhi walipata nafuu baada ya kuziacha. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulilenga kuzikomesha krimu hizo, lakini bado hukamatwa mipakani.

Lebo huweza kuificha zebaki kwa jina la kalomeli, au isiitaje kabisa. Mtumiaji aonaye mkojo wenye povu lisilotoweka, au uvimbe wa uso, aende hospitali na kopo lake mkononi, apimwe protini katika mkojo. Hata vitambaa na taulo alizotumia zifuliwe mbali na nguo za watoto, maana zebaki huhamia humo.