Haibridi Kwenye Vumbi Jekundu la Karatu

Saa kumi na mbili asubuhi, barabara kuu ya Karatu ni mali ya Land Cruiser. Zinatoka hotelini moja baada ya nyingine, mapaa ya kufunguka, dizeli zikinguruma, zote zikiwahi lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro kabla foleni haijarefuka. Katikati ya kelele hizo Toyota Harrier ya haibridi hupita bila mtu kugeuza shingo, maana kwa mwendo wa taratibu injini yake huzima na matairi husukumwa na umeme peke yake.

Magari haya hayakuletwa Karatu na sera yoyote ya mazingira. Yameletwa na soko la mitumba la Japani. Toyota ilianza kuuza Harrier ya haibridi kwao Machi 2005, kwa umbo lile lile ambalo vijana wa Tanzania wameliita "tako la nyani". Mwaka 2014 ikafuata haibridi ya umbo jipya, yaani "Anaconda". Baadaye zikaongezeka Nissan X-Trail, Honda Vezel na RAV4. Nyingi hushuka bandari ya Dar es Salaam zikiwa zimeshatumika miaka kadhaa, na mnunuzi anapokabidhiwa funguo, dhamana ya kiwanda imeshabaki Japani. Kuanzia hapo uzima wa gari ni juu yake.

Ndiyo maana swali la kwanza kijiweni huwa lile lile: betri ikifa, je?

Si swali la kijinga. Harrier ya 2005 ina injini ya lita 3.3 na betri ya nikeli yenye seli 240, jumla volti 288, ambazo hupandishwa hadi 650 kabla ya kufika kwenye mota. Haichomekwi ukutani popote. Hujazwa na injini, na kila dereva anapokanyaga breki mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme. Kubadilisha betri hiyo nzima ni gharama ya mamilioni ya shilingi, tena kwa gari ambalo bei yake hushuka kila mwaka.

Hata hivyo, kumbukumbu za kwingineko duniani zinatuliza moyo. Mwaka 2011 jarida la Marekani, Consumer Reports, lilipima Toyota Prius ya 2002 iliyokuwa imetembea zaidi ya kilomita 330,000 kwa betri yake ya awali. Ulaji wake wa mafuta ulikuwa karibu sawa na wa gari kama hilo lililopimwa likiwa jipya. Teksi za Ford Escape za haibridi kule San Francisco nazo zilitembea mamia ya maelfu ya kilomita kabla ya kustaafishwa. Tatizo ni kwamba magari hayo yaliishi kwenye lami.

Karatu ina lami pia. Barabara ya kutoka Makuyuni hadi Lodoare iliwekwa lami mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Japani. Ukiiacha tu, ukaingia upande wa Oldeani au ukateremka Mang'ola kwenye vitunguu, unakutana na vumbi jekundu linalopenya hadi kwenye mifuko ya suruali. Na hapo ndipo penye adui wa kweli wa haibridi. Betri kubwa ya Harrier imelazwa chini ya kiti cha nyuma, na feni zake huipoza kwa kuvuta hewa ya ndani ya gari kupitia matundu yaliyo hapo hapo kitini. Mwenye gari akikaa vioo wazi, vumbi lote analomeza yeye linamezwa na feni. Akipakia magunia ya vitunguu nyuma, anaziba pua ya betri, na maganda yanaingia ndani. Betri ikikosa hewa hupata joto, na joto ndilo linaloiua, mara nyingi mapema kuliko kilomita. Kufungua kiti, kutoa feni na kuisafisha ni kazi ya fundi makini na brashi. Kwa mtu anayeishi Karatu, kazi hiyo inastahili kufanywa kila msimu wa vumbi, na vioo vifungwe.

Mlima nao una hesabu zake. Kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa kama moja ya tano, na injini ya petroli isiyo na turbo huhema. Mota ya umeme haihitaji hewa, hivyo haibridi hupanda kwa raha kuliko ndugu yake wa kawaida, ilimradi betri haijaisha njiani. Wakati wa kurudi mambo hugeuka. Gari la tani mbili likishuka kutoka ukingoni hadi Karatu mjini, kama mita 800 chini, linaachia nishati ya uniti zaidi ya nne, kwa uniti zile zile za Luku. Betri nzima ya Harrier haibebi hata uniti mbili, na kompyuta huruhusu itumike sehemu yake tu. Hivyo hujaa mapema. Baada ya hapo gari huanza kuzungusha injini bila mafuta ili kupunguza mwendo, na sauti hupanda ghafla. Dereva mgeni hushtuka akidhani kimevunjika kitu. Hakuna kilichovunjika, aweke gia kwenye B na aendelee.

Kuingia nalo kreta ni habari nyingine. Huko hutakiwa gari linaloendesha magurudumu yote manne, na njia za kushuka na kupanda ni za mawe na kona kali. Kwenye Harrier ya haibridi, magurudumu ya nyuma hayana shafti inayotoka mbele. Yana mota yao ndogo, inayofaa utelezi mfupi lakini ikipata joto hujipumzisha. Gia nzito hakuna, na kimo cha tumbo lake hakifiki sentimita 20. Inasikitisha kidogo, kwa sababu kazi ya kusimama na kusubiri faru ajitokeze ingeifaa kabisa: injini imezima, kimya, hakuna moshi. Baadhi ya kampuni za utalii zimeamua kuruka hatua ya haibridi. Kampuni ya Mount Kilimanjaro Safari Club ilianza mwaka 2018 kutumia Land Cruiser zilizotolewa dizeli na kuwekewa umeme mtupu.

Kwa mwenye gari la nyumbani, mambo yanayomwangusha huwa madogo kuliko betri kubwa. Masika, Aprili na Mei, wageni wanapopungua, magari mengi hulala uani. Haibridi ina betri nyingine ndogo ya volti 12 inayoamsha kompyuta, na hiyo ikilala, gari haliwaki hata kama betri kubwa imejaa. Aliendeshe nusu saa kila baada ya wiki chache. Aangalie pia kipoza cha inveta, kifaa kinachoandaa umeme wa betri kwa ajili ya mota; kipoza hicho kina tangi lake mbali na rejeta. Toyota hutaka kibadilishwe kwa ratiba yake, na mafundi wengi hukipita kwa sababu hawajui kwamba kipo.

Kuhusu mafundi: wa Karatu wanaijua dizeli ya Land Cruiser hata gizani, lakini nyaya za rangi ya chungwa, zinazobeba umeme mkubwa wa haibridi, si za kubahatisha. Anayezigusa lazima achomoe plagi ya usalama, avae glavu za umeme na asubiri dakika kumi ili umeme uliobaki kwenye inveta uishe. Fundi mwenye vifaa hivyo na mashine ya kusoma hitilafu huenda akapatikana Arusha, kilomita kama 140. Atakayesema abadilishe seli moja tu iliyochoka anaweza kusaidia kwa muda, ila seli jirani zina umri ule ule.

Anayetaka kununua haibridi iliyokwisha kutumika hapa nchini ana kipimo cha bure njiani. Apande nayo ukuta wa Manyara kutoka Mto wa Mbu, kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, huku akitazama kielelezo cha betri kwenye dashibodi. Betri yenye afya hupungua na kujaa polepole. Iliyochoka huanguka ghafla hadi chini, kisha hujaa kwa dakika chache gari likipata mteremko kidogo, na feni ya nyuma hupiga kelele njia nzima. Akiyaona hayo kabla ya kufika Rhotia, amtajie muuzaji bei mpya yenye betri ndani yake, au arudi kwa basi.